Maswali ya Wasomaji: Nani Anashika Taarifa Zako Unapocheza Mtandaoni?

Likizo ya shule imetuletea barua nyingi kuhusu konsoli za michezo, na takriban zote zinazunguka jambo moja: akaunti, kadi za benki na taarifa ambazo wachezaji huzikabidhi kwa kampuni zilizo mbali nao. Tumechagua saba. Majina ya waandishi tumeyaacha nje kwa makusudi, kwa kuwa barua tatu kati ya hizo zilitaja anwani za nyumbani na namba za simu ambazo hazikuhitajika.

*Salamu kwa mhariri. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Ntinda, Kampala. Mwanangu wa miaka 14 ananibembeleza niweke kadi yangu ya benki kwenye PlayStation ili awe analipia michezo kila mwezi. Kaka yake mkubwa ananionya kwamba kampuni hiyo iliwahi kuibiwa taarifa za mamilioni ya watu. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, niiamini?*

Ni kweli, mama, na kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa kwa utulivu, kwa sababu jibu la swali lako la pili limo ndani yake. Kati ya tarehe 17 na 19 Aprili 2011, wadukuzi waliingia katika mtandao wa PlayStation. Tarehe 20 Sony, kampuni yenye PlayStation, iliufunga mtandao wote, na wachezaji wakaelezwa tu kwamba huduma haipatikani. Ilipofika tarehe 26 ndipo wateja walipoambiwa kwamba taarifa za akaunti zipatazo milioni 77 zilikuwa zimefikiwa: majina, anwani, barua pepe, tarehe za kuzaliwa, majina ya kuingilia na maneno ya siri. Kuhusu kadi za benki, kampuni ilisema haina ushahidi kwamba zimechukuliwa, lakini haiwezi kusema kwa uhakika kwamba hazikuchukuliwa. Tarehe 1 Mei, Kazuo Hirai, aliyekuwa kiongozi wa kitengo hicho, aliinama mbele ya waandishi wa habari jijini Tokyo kuomba radhi. Siku iliyofuata ikatangazwa kwamba akaunti nyingine zipatazo milioni 24.6, za kampuni dada iliyokuwa ikiendesha michezo ya kompyuta, nazo ziliguswa. Huduma ilianza kurejea Marekani na Ulaya katikati ya mwezi huo, baada ya zaidi ya wiki tatu za ukimya wa skrini.

Watu wengi hukumbuka ile namba milioni 77. Mimi hukumbuka zaidi zile siku sita, kuanzia mtandao ulipofungwa hadi mteja alipoambiwa sababu. Mwizi aliyepata barua pepe yako na neno lako la siri hahitaji kukaa kwenye mchezo wa mpira. Anakwenda kulijaribu neno hilohilo kwenye barua pepe, kwenye mitandao ya kijamii, kwenye benki. Kila siku ambayo mteja hajui ni siku ambayo mwizi anafanya kazi peke yake. Ningekuwa na mtoto mwenye akaunti wakati ule, nisingekasirika sana kwa kuwa mlango ulivunjwa, maana milango ya wakubwa kuliko Sony imevunjwa. Ningekasirika kwa kuwa mwenye nyumba alijua kuna mtu ameingia na mimi mpangaji sikuamshwa.

Kampuni ilieleza baadaye kwamba maneno ya siri hayakuhifadhiwa wazi, bali yalikuwa yamepitishwa kwenye hesabu maalumu inayoyageuza kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu usiorudi nyuma. Fikiria mahindi na unga: mashine inasaga mahindi kuwa unga, lakini hakuna mashine inayorudisha unga kuwa mahindi. Ulinzi huo ni mzuri, ila nguvu yake inategemea mashine iliyosaga ni ya zamani kiasi gani na neno lenyewe ni jepesi kiasi gani, kwa sababu mwizi anaweza kusaga maneno ya kawaida milioni kwa milioni na kulinganisha unga wake na ule aliouiba. Mamlaka ya Uingereza inayosimamia taarifa za watu ililichunguza tukio hilo, na Januari 2013 ikaitoza Sony ya Ulaya faini ya pauni 250,000. Ilisema wazi kwamba shambulio lingeweza kuzuiwa kama programu zingekuwa zimesasishwa, na kwamba kutokana na maendeleo ya teknolojia maneno ya siri hayakuwa salama.

Basi niiamini? Mama, usiamini kampuni yoyote kwa kiasi kikubwa kuliko kinachohitajika ili mchezo uchezeke. Kucheza hakuhitaji namba ya kadi inayofungua akaunti ambayo mshahara wako unapitia. Nunua vocha ya duka la michezo yenye kiasi kilekile anachotaka kijana, au tumia kadi ya mtandaoni ambayo baadhi ya benki na huduma za pesa za simu hutoa, unayoijaza kiasi unachokitaka na kuiacha tupu. Mtandao ukivunjwa kesho, watakuta kadi isiyo na kitu. Ukiona ni lazima kabisa kuhifadhi kadi yako halisi, washa kipengele kinachodai neno la siri kila ununuzi unapofanyika, na umfungulie kijana akaunti ya mtoto iliyo chini ya yako, ambayo wewe ndiye unayeiwekea kikomo cha matumizi ya mwezi. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya muda inayodaiwa juu ya neno la siri. Sony iliuleta kwenye PlayStation mwaka 2016, miaka mitano baada ya msiba ule, na kwa maoni yangu ilichelewa mno; lakini upo, na hauna gharama.

Nasi hapa Uganda tulionja jambo la namna hii. Oktoba 2020, MTN, Airtel na benki ya Stanbic zilitoa taarifa ya pamoja kwamba mtoa huduma mwingine anayeziunganisha amepata "tukio la mfumo", na huduma za kuhamisha pesa kati ya benki na simu zikasimamishwa. Waliokuwa na pesa njiani siku ile watakumbuka jinsi maneno hayo yalivyokuwa machache. Kwa hiyo usidhani tabia ya kusema kidogo ni ya Wajapani au Wamarekani peke yao.

*Ndugu mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbale. Akaunti yangu ya PlayStation niliifungua kwa anwani ya Marekani kama wanavyofanya marafiki zangu wote. Mwezi uliopita mtu aliiingia, akabadilisha barua pepe na neno la siri. Nimewaandikia watu wa huduma lakini wananiuliza maswali ambayo siwezi kuyajibu. Nifanye nini?*

Pole sana, ndugu yangu. Kilio chako ni cha vijana wengi nchini, na chanzo chake si uzembe wako peke yako. Uganda haimo katika orodha ya nchi ambazo mtandao wa PlayStation unahudumia rasmi. Ukifungua konsoli na kutafuta jina la nchi yako, hulikuti, na hapo ndipo kila mtu huchagua Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na kuandika anwani aliyoiokota popote. Wengine waliligundua tatizo hili Mei 2024, wakati Sony ilipotangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation: mchezo huo uliondolewa kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, na malalamiko yakawa makubwa hadi kampuni ikalitengua sharti baada ya siku chache. Wachezaji wa konsoli katika nchi hizohizo wameishi na hali hiyo miaka yote, na malalamiko yao hayajasikika hivyo.

Tazama sasa matokeo yake. Akaunti ikiibiwa, mhudumu hana njia nyingine ya kukutambua isipokuwa yale uliyoyaandika siku ya kwanza. Atakuuliza tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye akaunti, barua pepe uliyoanzia, ununuzi uliowahi kufanya, na namba ya utambulisho wa mashine. Ikiwa tarehe ya kuzaliwa uliibuni ili upite haraka, na vocha ulinunuliwa na rafiki, basi mbele ya mhudumu huyo wewe na mwizi mnafanana. Tena mkataba ulioukubali ni wa nchi uliyoichagua. Septemba 2011, miezi michache baada ya ule uvamizi, Sony iliongeza katika masharti yake ya Marekani kifungu kinachomtaka mteja akubali kutoishtaki kampuni kwa kuungana na wateja wengine, isipokuwa aandike barua ya kukataa ndani ya siku 30. Kumwomba mteja aachie haki hiyo mwaka uleule aliopoteza taarifa zake ni jambo ambalo mpaka leo nashindwa kulitetea.

Hatua za sasa ni hizi. Tafuta barua pepe za zamani, hata zile zilizo kwenye takataka, zenye namba ya muamala wowote. Hiyo ndiyo karatasi yako yenye uzito mkubwa kuliko zote. Geuza konsoli uangalie nyuma au chini yake, ile namba ndefu iliyobandikwa, kisha uipige picha. Andika tena kwa mhudumu ukitoa vitu hivyo pamoja katika ujumbe mmoja, kwa Kiingereza kifupi kisicho na hasira. Usiseme uongo mpya wa kuficha ule wa zamani: kama tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa ni ya kubuni lakini unaikumbuka, taja ileile iliyoandikwa. Kisha badilisha neno la siri la barua pepe yako leo hii, kabla hata ya kumaliza kusoma ukurasa huu, maana mara nyingi akaunti ya mchezo huibiwa kwa kupitia barua pepe.

Nitakueleza pia lililonipata mimi, kwa sababu linahusu vocha. Miaka michache iliyopita nilinunua namba ya vocha ya dola 20 kwa muuzaji mmoja mjini, kwa bei iliyopungua kidogo kuliko ya wengine. Ikaingia vizuri, nikanunua mchezo, nikaucheza wiki mbili. Siku moja nikakuta akaunti imefungwa. Vocha ile ilikuwa imelipiwa kwa kadi ya wizi, mwenye kadi akadai pesa zake benki, na kampuni ikamfungia yule aliyeitumia, yaani mimi. Muuzaji alikuwa amekwisha kubadilisha laini ya simu. Tangu hapo, bei nafuu ya vocha naihesabu kuwa dalili. Kumbuka pia kwamba kwenye PlayStation vocha lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti, na nchi ya akaunti haibadilishwi baada ya kufunguliwa.

Ukifanikiwa kuirudisha, au ukifungua mpya, weka uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu inayotoa namba za muda badala ya kutegemea meseji. Laini ya simu inaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine na mhalifu aliyejifanya wewe, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hugawiwa mteja mpya. Zile namba za akiba unazopewa, ziandike kwenye karatasi na uziweke pamoja na vyeti vyako vya shule.

*Nimenunua PlayStation 4 iliyotumika, Kampala, na nilipoiwasha nimekuta akaunti ya mtu mwingine bado imo pamoja na michezo yake. Muuzaji anasema hiyo ni zawadi ya bure. Ni salama kuitumia? – Msomaji, Kawempe*

Hapana, na wala si zawadi. Niliwahi kukaa kwenye benchi la fundi katika jengo moja la simu na vifaa vya umeme katikati ya jiji, akawasha mashine kama hiyo aliyoletewa asubuhi ile. Feni ilivuma, skrini ikang'aa, na pakatokea jina la mtu, picha ya mtoto mwenye kofia ya siku ya kuzaliwa, na orodha ya marafiki wakiwa wanacheza wakati huohuo. Fundi akaingia kwenye sehemu ya malipo, na tarakimu nne za mwisho za kadi zikaonekana pale, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mtu yule, popote alipo, alikuwa kitufe kimoja kutoka kulipia mchezo wa mgeni. Hatukujua kama mashine iliuzwa kwa hiari au iliibiwa, na huwezi kujua wewe pia.

Ukinunua kitu kwa akaunti hiyo umetumia pesa za mtu bila ridhaa yake, na hilo ni kosa bila kujali nani alikuuzia mashine. Rudisha konsoli kwenye hali ya kiwandani kwa kutumia mipangilio yake, ukubali kwamba michezo ile itapotea, kisha uingie kwa akaunti yako. Kama una shaka juu ya mahali ilipotoka, mdai muuzaji risiti yenye jina lake na namba ya mashine kabla hujafanya lolote. Wenye kuuza nao nawaomba: kabla mashine haijatoka mlangoni, ondoa kadi, toka kwenye akaunti, futa kila kitu. Aliyesahau anaweza kuingia kwenye akaunti yake kwa simu au kompyuta na kuvitoa vifaa vyote vilivyounganishwa, hata kama mashine imeshafika Arua.

*Mhariri, binti yangu wa miaka 10 hucheza Fortnite na husikia sauti za watu wazima asiowajua. Hilo la pesa silihofii, ninahofia wanachokusanya juu yake. – Baba, Entebbe*

Hofu yako ina msingi, na hata serikali ya Marekani imekuwa nayo. Desemba 2022, tume yao ya biashara ilitangaza makubaliano na Epic Games, wenye Fortnite, ya dola milioni 520: milioni 275 kwa ajili ya ukiukaji wa sheria ya faragha ya watoto, na milioni 245 za kurudishia wateja waliofanyishwa manunuzi kwa vitufe vilivyopangwa kiujanja. Moja ya tuhuma ilikuwa hilohilo unalolisema, kwamba mazungumzo ya sauti na maandishi na wageni yalikuwa yamewashwa tangu mwanzo kwa watoto. Juni 2023 ikawa zamu ya Microsoft, iliyokubali kulipa dola milioni 20 kuhusu konsoli yake ya Xbox: watoto walikuwa wakiombwa taarifa zao, ikiwemo namba ya simu, kabla mzazi hajahusishwa, na taarifa zikabaki kwenye kumbukumbu za kampuni hata pale mzazi ambapo hakumaliza kutoa idhini.

Kwa hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakataza kukusanya taarifa binafsi za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Lakini sheria haikai sebuleni pamoja na binti yako. Keti naye, fungua mipangilio mbele yake, zima sauti ya watu wasio marafiki, andika umri wake wa kweli, na utumie jina la mchezo lisilobeba jina lake wala la shule. Umri wa kweli una faida kubwa: mtoto akiandikwa kuwa na miaka 25 ili apite haraka, kampuni inamtendea kama mtu mzima, na vile vizuizi vyote vilivyopatikana kwa kesi na faini haviwashwi.

*Nina ukumbi wa michezo ya video hapa Jinja, skrini sita. Kwenye daftari naandika jina la kila mtoto, shule yake, simu ya mzazi, na siku hizi nawapiga picha kwa sababu kuna padi mbili za kuchezea zilizoibiwa. Mzazi mmoja amenifokea kwamba navunja sheria. Hivi daftari nalo ni data?*

Ndiyo, daftari nalo linaingia, mzee wangu. Sheria haikutungwa kwa ajili ya kompyuta tu. Inagusa taarifa yoyote inayomtambulisha mtu na kuhifadhiwa kwa utaratibu. Anayekusanya anatakiwa kusajiliwa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2021, na kwa kuwa wateja wako ni watoto, unahitaji idhini ya wazazi wao. Yule mzazi alikuwa na haki ya kuuliza, hata kama hakuwa na haki ya kufoka.

Nakuelewa kuhusu padi, maana bei yake ni faida ya siku nyingi. Ila jiulize kila mstari wa daftari unakusaidia kumkamata nani. Jina na simu ya mzazi vinatosha. Shule haikusaidii, na daftari likipotea, atakayeliokota ndiye atakayejua mtoto fulani anasoma wapi na anatoka ukumbini saa ngapi. Picha zilizo kwenye simu yako ya mkononi ni hatari zaidi, kwa sababu simu hiyo hukopeshwa, huibiwa, na hupelekwa kwa fundi. Mwachie mchezaji aweke rehani kitu, au amana ndogo ya shilingi inayorudishwa padi ikirudi. Karatasi za zamani zichome. Na katika hizo konsoli sita, hakikisha mtoto anayeingia kwa akaunti yake anatoka kabla hajainuka kwenye kiti. Nimeona kumbi ambamo akaunti ya mteja wa jana humkaribisha mteja wa leo kwa jina.

*Kuna tovuti inatoa pointi za bure za mchezo wa mpira wa EA Sports FC ukiingiza jina la akaunti na neno la siri. Mwenzangu kaniambia inafanya kazi. – Gulu*

Inafanya kazi kwa mwenye tovuti. Usiingize. Kama umekwisha kuingiza, badilisha neno la siri sasa hivi kwa kupitia konsoli yenyewe, na ulibadilishe pia kila mahali ulipotumia neno hilo. Mwaka 2020 Nintendo, kampuni nyingine ya konsoli, ilitangaza kwamba akaunti zipatazo 160,000, baadaye zikafika 300,000, zilifikiwa na watu wasiohusika. Kampuni ilieleza kwamba majina na maneno ya siri yalipatikana mahali pengine, nje ya mifumo yake, kisha yakajaribiwa kwenye njia ya zamani ya kuingilia, ambayo ikafungwa. Hao waliopoteza akaunti zao hawakufanya kosa lolote kwenye Nintendo.

*Swali la mwisho limetoka kwa msomaji wa Arua: kampuni ya nje ikivujisha taarifa zangu, nitamshtaki nani nikiwa Uganda?*

Wengi huamini kwamba hakuna wa kumwendea, na imani hiyo inazinufaisha kampuni. Sheria yetu ya mwaka 2019 inamgusa hata aliye nje ya nchi anayekusanya taarifa za raia wa Uganda. Julai 2025 tulipata mfano hai: baada ya malalamiko ya Waganda wanne, Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliamua kwamba Google ilikuwa ikikusanya taarifa za watu wa nchi hii bila kusajiliwa, ikaiamuru ijisajili ndani ya siku 30. Google si kampuni ya konsoli, lakini mlango waliopitia wale wanne ni uleule utakaoupitia wewe. Mahakama nayo inaweza kuitoza kampuni iliyotiwa hatiani faini isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka.

Kuna pengo moja ambalo sitalificha. Taarifa zikivuja, sheria inamtaka aliyezishika aiarifu mamlaka mara moja, na mamlaka ndiyo inayoamua kama mhusika naye aarifiwe. Nafikiri kifungu hicho kilipaswa kumtanguliza mwenye taarifa. Nikirudi kwa zile siku sita za Aprili 2011, mtu mwenye haraka kuliko wote alikuwa yule ambaye neno lake la siri lilikuwa mikononi mwa mwizi, na hakuna ofisi inayoweza kulibadilisha kwa niaba yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Iandikie kwanza kampuni yenyewe, kwa anwani iliyo kwenye ukurasa wake wa faragha, uulize taarifa zipi zako inazo, zipi zimevuja, na tangu lini. Andika tarehe. Ikinyamaza au ikikujibu kwa maneno ya jumla, peleka malalamiko kwenye ofisi hiyo Kampala pamoja na nakala ya barua yako, nakala ya jibu lao, na jina la akaunti lakini bila neno la siri, hata ukiombwa. Wale waliofungua akaunti kwa anwani za nchi nyingine waeleze hivyo tangu aya ya kwanza, na waambatishe risiti ya konsoli iliyonunuliwa Uganda, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba mchezaji anaishi hapa.